Pikapu ya Cecil Mbele ya Mlango wa Mama Julia

Cecil hakuwahi kuwa mtu wa kutulia. Mkewe, Mama Glory, alizoea kumwambia kwamba hata kanisani anakaa kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Lakini msimu huu wa korosho alizidi. Alifika Masasi mjini na pikapu yake asubuhi, akaingia duka la spea, akauliza bei na kutoka kabla hajajibiwa. Akaingia duka la pili, akashika shokapu, akairudisha, akatoka tena. Muuzaji mmoja alimuuliza kama kuna mtu anamfukuza.

Cecil alikuwa ameshavuka barabara. Kilichomfukuza kilikuwa kishindo kimoja tu, alichokisikia nyuma ya kichwa chake siku ya mazishi ya Mzee Charles, na tangu hapo usingizi ulimpaa.

Kijijini kwao, upande wa Chiungutwa, pikapu ya Cecil ndiyo inayobeba kila kitu: magunia ya korosho kwenda ghalani, madumu ya maji wakati wa kiangazi, maharusi, na wafu. Marehemu akishaombewa kanisani, Cecil ndiye anayempeleka makaburini, taratibu, waimbaji wakifuata kwa miguu. Na kwao jeneza halifungwi kamba. Kamba ni ya gunia. Mfunge mtu kamba katika safari yake ya mwisho uone ukoo mzima utakavyokuuliza kama ulikuwa unampeleka mnadani.

Sasa msimu ulipokaribia, Cecil aliongeza majani ya springi nyuma, vile vyuma bapa vinavyobeba uzito, ili magunia yasilikalishe gari. Likiwa na mzigo lilikaa vizuri kabisa. Likiwa jepesi lilibinua nyuma na kuinamisha pua kama kuku anayedonoa. Siku hizohizo Mzee Charles, aliyekula ugali wake jioni huku akimtania kila mtu, hakuamka asubuhi. Hakuwa hata na mafua. Binti yake, Scholastika, alilia mpaka sauti ikamkauka, na swali lake lilikuwa lilelile kwa kila aliyekuja kumpa pole: baba yangu kauawa na nini?

Njiani kwenda kuzika, mbuzi akakatiza barabara. Cecil akakanyaga breki. Jeneza likateleza juu ya bati na kugonga kebini kwa kishindo. Na mahali penyewe, bahati mbaya iliyoje, palikuwa mbele ya mlango wa Mama Julia, bibi mjane anayeishi peke yake tangu Julia aolewe Mtwara. Nyimbo zilikatika. Watu waliutazama ule mlango, kisha wakatazamana.

Hakuna aliyemtaja mbuzi. Walisema marehemu ameonyesha mlango wa aliyemroga.

Cecil alisema ni springi. Alisema makaburini, akasema msibani, akasema kilabuni mpaka watu wakamwambia anywe anyamaze. Miaka yote unabeba maiti, walimwambia, mbona wengine hawakugonga? Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyetumwa kuomba kaa la moto kwa Mama Julia. Scholastika, ambaye bibi huyo ndiye aliyemsimamia siku ya ubatizo wake, alipita pale akigeuza uso. Vijana wa ukoo wakaanza kusema kwa sauti ya chini kwamba bibi ahame mwenyewe kabla hajahamishwa. Cecil aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Nyumba ya nyasi inashika moto upesi, na kesho yake kijiji kizima hakikuona kitu.

Ndiyo maana alikuwa Masasi akizunguka maduka. Alitaka gari likae sawa, jeneza lijalo lipite kwa Mama Julia bila kutikisika, watu waone wenyewe, yaishe. Hatimaye aliingia gereji ya fundi Abdulrazaki.

"Unataka likae sawa likiwa na mzigo au likiwa tupu?" aliuliza fundi akiwa chini ya gari.

"Likiwa na jeneza."

Abdulrazaki alitoa kichwa nje, akamtazama vizuri. "Haya. Nikipunguza majani ya nyuma, litashuka leo hii, ila korosho utabebea kichwani."

"Hapana. Msimu ndio huu."

"Nikikuwekea springi za koili za gari kubwa huku mbele, pua itanyanyuka, lakini litakuwa gumu. Hata huyo marehemu wako atalalamika."

Cecil alichuchumaa, akasimama, akazunguka gari, akachuchumaa tena.

"Au tuweke vikombe hivi vya chuma juu ya koili zako zilezile," alisema fundi akimwonyesha. "Pua inapanda, ulaini unabaki. Ila shokapu za mbele uchukue ndefu kidogo, hizi zako zitavutika mpaka zikatike. Na tafadhali, Baba Glory, kaa pale kwenye benchi. Unanizungushia kichwa."

Alichagua vikombe na shokapu ndefu. Kwenye benchi hakukaa. Kazi ilipoisha, Abdulrazaki aliweka beseni la maji ndani ya bodi ya pikapu. Maji yakalingana pande zote, na Cecil akayatazama muda mrefu.

Haikuchukua muda akafariki bibi mmoja aliyekuwa amezeeka sana na kuugua sana, wala kifo chake hakikumshangaza mtu. Cecil akabeba. Alipofika mbele ya mlango wa Mama Julia alikanyaga breki makusudi, bila mbuzi wala kuku. Jeneza likatulia palepale. Aliteremka makaburini akitabasamu, jambo lisilofaa mazikoni, na hapo ndipo alipowasikia akina mama nyuma yake.

"Mmeona? Huyu kapita kimya. Huyu hana kesi naye."

"Mwenye neno naye ni Charles. Sasa ndo imethibitika."

Cecil aliacha kutabasamu. Alikuwa amehangaika Masasi nzima kutengeneza ushahidi, na ushahidi wenyewe umemgeukia bibi wa watu. Springi zilizobinuka ndizo zilizokuwa shahidi wa pekee wa Mama Julia, na yeye, kwa akili zake na haraka zake, amelinyoosha gari na kumnyamazisha shahidi. Hata ubwabwa wa msibani hakuugusa.

Asubuhi alikuwa gereji kabla haijafunguliwa.

"Toa vikombe," alimwambia Abdulrazaki. "Rudisha shokapu za zamani."

"Baba Glory, wewe ni mzima?"

"Nataka libinuke kama mwanzo. Likizidi mwanzo, sawa."

Jumapili, watu walipotoka kanisani, Cecil alikuwa amepakia sanduku la mbao lenye urefu wa mtu, limejaa mchanga, bila kamba. Mama Glory alishika kichwa, akasema mwanamume huyu atawaletea balaa. Cecil aliendesha mpaka kwa Mama Julia, aliyekuwa ameketi mlangoni akichambua mboga za mtu mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Naomba upande mbele, tuzunguke."

Bibi aliingia ndani, akatoka amejitanda kanga safi, akapanda.

Cecil alianzia nyumbani kwake mwenyewe. Akafika mlangoni pake, breki. Gogo! Sanduku likagonga kebini, na Mama Glory akaruka. Akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, breki, gogo! Kwa mwalimu wa dini, gogo! Watoto walianza kukimbia nyuma ya gari wakishangilia, wakitaja mlango unaofuata. Watu wazima walicheka kwanza. Kisha sanduku likagonga kwa mmoja, na kwa mwingine, na kwa wale vijana waliotaka bibi ahame, na kila lilipogonga kicheko kilipungua. Mtu mmoja alipiga kelele kwamba Cecil anawafanyia mchezo. Cecil alitoa kichwa dirishani, akajibu kwa hasira: "Ndiyo! Na nyie mlikuwa mnafanya nini?"

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya marehemu Charles. Scholastika alikuwa uani amevaa nguo nyeusi. Cecil alikaribia kuipita. Mkono wa Mama Julia ulimgusa begani.

"Hapa pia, baba."

Breki. Gogo!

Scholastika alisogea barabarani. Alilitazama sanduku, akaitazama pua ya gari ilivyoinama, hakumtazama bibi.

"Rudia," alisema.

Cecil alirudi nyuma, akaja, akakanyaga breki. Gogo! mbele ya mlango ambao Mzee Charles alitokea kila asubuhi ya maisha yake.

"Rudia tena."

Akarudia. Scholastika aliweka kiganja juu ya bati la bodi, pale lilipoelekea chini, akakiacha hapo. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyebeba kitu kizito siku nyingi na sasa haoni pa kukitua.

"Kumbe baba alikufa tu," alisema.

Mama Julia alifungua mlango wa gari, akashuka polepole, akamfikia, akamvuta kifuani.

"Alikufa tu, mwanangu," alimwambia. "Lia."