Goti la Dada

Fundi alikuwa mshonaji, na miili ya watu aliijua kuliko wenyewe: bega lililoshuka, kiuno kilichojificha, tumbo ambalo mwenyewe hataki litajwe. Mwili ambao hakuwahi kuupima ulikuwa wake mwenyewe.

Kila asubuhi, kabla hajafunua cherehani, alisukuma meza ya kukatia hadi ukutani na kutandika mikeka miwili. Mmoja ulikuwa wake, wa pili wa marehemu dada yake mkubwa, aliyemfundisha yoga. Alifuata mpangilio uleule wa dada: kuinama, kukunja goti la kulia, kujipinda, kulala chali. Akitulia vizuri, alisikia pumzi kwenye mkeka wa pili, nzito, yenye mkwaruzo kidogo, ya dada kabisa. Hakumwambia mtu. Wangesema kichwa kimeanza kucheza.

Tatizo lilikuwa mgongo. Ulimuuma hadi kukaa kwenye cherehani kukawa adhabu, na kazi ndiyo hiyo, hana nyingine. Siku moja alijaribu gauni lake jipya mbele ya kioo. Upindo wa kushoto ulishuka kuliko wa kulia. Akaufumua, akashona upya. Ukashuka tena.

"Mama, acha kulionea gauni," binti yake alisema mlangoni. "Wewe ndiye umepinda. Kwani yoga yako mbona unakunja goti la kulia tu?"

Fundi alitazama magoti yake kwenye kioo. Goti la kushoto la dada lilikuwa bovu. Dada aliliruka kila siku, na mdogo mtu akaliruka pamoja naye, akidhani ndivyo yoga ilivyo. La kwake lilikuwa zima.

"Badilisha, Mama. Kesho anza na la kushoto."

"Tutaona," alisema, na woga ukamshika. Akibadilisha, dada atamfuata vipi?

Kulipokucha, mgongo ulimkatalia hata kuinua pasi. Alitandika mikeka yote miwili, akaanza na goti la kushoto. Liligoma, kisha likalegea. Pembeni, pumzi ikakatika.

"Dada, hili usilifanye," alinong'ona. "Nisubiri tu. Tutakutana kwenye kulala chali."

Alipolala chali alisikia pumzi moja, yake. Akainuka, akarudia mpangilio wa zamani, goti la kulia na yote, kama mtu anayerudi alikopita kutafuta ufunguo. Kimya.

Aliendelea kukunja magoti yote mawili; baada ya wiki chache mgongo ulipona, nguo za wateja zikatoka kwa wakati. Binti alimsimamisha mbele ya kioo na lile gauni, akachuchumaa kukagua upindo.

"Limekaa sawa, Mama. Umependeza."

"Asante, mwanangu," Fundi alisema. Kwenye kioo aliuona mkeka wa pili nyuma yake, bado umetandikwa. Angekubali kuvaa gauni lililoshuka upande mmoja maisha yake yote. Taratibu akaegemea kushoto, upindo ukashuka, akatega sikio.