Manjano Ndani ya Buluu

Bimla alifanya kazi nasi katika kiwanda kimoja cha nguo kuukuu pale mjini Panipat. Makoti yalikuja kwa marobota kutoka nchi za mbali. Yeye aling'oa zipu na vifungo kwa kisu kilichosimikwa sakafuni, kisha vitambaa vikaenda kwenye mashine ya kurarua, vikatoka nyuzi za kusokotwa upya kuwa mablanketi. Aliyeilisha mashine hiyo ni mdogo wake, Santro.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya makoti ya buluu. Santro aliinama kusukuma kitambaa kilichokwama, meno ya mashine yakaunasa mtandio wa manjano uliokuwa shingoni mwake. Tulipozima umeme alikuwa amekwisha kunyongwa, na mtandio umeshaliwa karibu wote.

Mwili ulipokwisha kuchomwa kwa desturi yao, Bimla alimwendea msimamizi.

"Nipe mtandio wa mdogo wangu."

"Dada, umeshachanganyika na buluu yote. Nitauchambua vipi?"

Juma lile lile mablanketi yakapakiwa kwenye lori, yakaenda kugawiwa maskini.

Tangu hapo Bimla hakuweza kuona blanketi la buluu akalipita. Alilishika, akalifunua, akatafuta chembe za manjano. Kila asubuhi ya baridi alijishika shingo, hata tukamzoea akila chapati kwa mkono mmoja.

Mwaka wa pili, Januari, katikati ya ukungu, alimwona bibi mmoja kajifunika blanketi la buluu mbele ya kibanda cha chai. Akalishika.

"We mama! Wanipapasa, mimi nyati wa maziwa mnadani?"

"Samahani, bibi. Humu mna manjano."

"Na iwemo zambarau, mradi lina joto."

"Chukua shali langu, jipya hili. Nipe hilo."

"Sitoi ng'o!"

Bimla akapiga magoti matopeni. "Halikukabi? Shingoni, ukilala?"

Bibi akamkazia macho. "Linikabe kwa nini, mwanangu? Kwani la nani?"

"La mdogo wangu. Amekufa."

Bibi akafunua upande mmoja, akamwingiza ndani. Wakakaa hivyo mpaka chai ikaletwa.

"Ila si mimi peke yangu," bibi akasema. "Lilikuja lori zima. Huko nyuma kila nyumba wanayo."

Jua lilipochomoza, Bimla akazunguka nyuma ya kibanda. Mablanketi yalikuwa yameanikwa kwenye kamba, kwenye kuta, hata migongoni mwa nyati wa kufugwa. Akapita akiyagusa moja moja.

Hadi leo huenda huko kila Jumapili kuyagusa tena.