Mkanda Uliolala Kwenye Maharage

Filamu hii nimeitazama miaka mingi bila kuona mwisho wake. Ni ya kutisha, ya zamani, na kinachotokea ni kimoja: mlango wa jikoni unafunguka polepole, saa nzima. Sisi wakusanyaji wa mikanda ya video tunaipenda kwa hilo hilo, haikukimbizi, inakusubiri. Ila nakala zetu zote hukatika mlango ukiwa nusu. Niliposikia kwamba Lushoto yuko mama mwenye mkanda mzima, nilifunga deki yangu kwenye kitenge, nikaondoka Tanga alfajiri.

Mombo, saa nne, nilibadili gari. Kondakta akagusa mzigo wangu. "Deki? Mzee, hizi bado zipo duniani?" Nikaivuta kwangu. Kona zote za Soni nilizipanda nimeipakata.

Lushoto, saa saba, nikabisha hodi kwa mama huyo, Mama Rehema. Marehemu mume wake alikuwa na banda la video.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Kula kwanza."

Nilipokwisha kula, akafungua debe la mbegu za maharage zilizochanganywa na majivu, akazamisha mkono hadi kiwiko, akautoa mkanda ndani ya mfuko wa nailoni.

"Unyevu wa huku unaozesha kila kitu," alisema. "Mbegu zangu haziozi. Nikauweka nazo."

Haukuwa na ukungu hata chembe. Nusura nilie.

Nikaunganisha deki kwenye runinga yake, tukakaa kutazama. Yeye hakuwahi kuiona. Ilipooneshwa alikuwa nje ya banda akikaanga mandazi. Safari hii mlango ukafunguka wote. Kilichokuwa nyuma yake sisemi. Mama Rehema aliinuka, akatia komeo mlango wa jikoni kwake, mchana kweupe.

"Siku ile watu walitoka kimya, hakuna aliyenunua hata andazi moja," alisema. "Mume wangu akaniambia nimezidisha chumvi. Nikaacha kukaanga mpaka leo. Kumbe hayakuwa mandazi yangu."

Nikatoa bahasha niununue mkanda. Akairudisha mfukoni mwangu.

"Mbegu haiuzwi, mwanangu. Unaazimwa, ukivuna, unarudisha na nyongeza."

Nilishuka mlima kesho yake moyo umejaa shukrani. Nyumbani nikatoa nakala, nikawagawia wenzangu kwa sharti lile lile. Nilikuwa nimezoea kuficha nilichonacho. Yule mama amenifundisha kuazimisha.

Mwezi uliofuata niliurudisha mkanda, na nyongeza yake: kilo mbili za unga wa ngano na chupa ya mafuta. Mama Rehema akabandika karai. Nilikula mandazi saba, na chumvi ilikuwa sawasawa.