Posta Ipi

Kariakoo mtu hakimbii bure. Ukimwona anakimbia, ama mgambo wamefika, ama kaibiwa, ama mwizi ni yeye mwenyewe. Hilo nalijua tangu utotoni, maana nimekulia juu ya duka letu la nyuzi, vifungo na zipu, lakini asubuhi ya kwanza nilipotoka na raba zangu za mtumba kwenda mazoezini nilikuwa nimelisahau kabisa. Sikufika hata Mtaa wa Msimbazi. Mbeba mizigo mmoja akatua kiroba chake, akaanza kukimbia sambamba na mimi, uso umemkaza.

"Dada, wamekuchukulia nini? Simu?"

"Hapana kaka, nafanya mazoezi."

"Sawa, lakini kapita wapi?"

"Hakuna mwizi. Nakimbia tu."

Akasimama, akanitazama juu mpaka chini. "Pole, dada," akasema, kwa huruma kabisa, akarudi kwenye kiroba chake. Nilipomsimulia mama alicheka mpaka akashika ubavu.

Sikuwa mtu wa kukimbia. Nilikuwa nimevuka arobaini, mwili umezoea kiti cha dukani, na ngazi za nyumbani pekee zilinitosha. Kilichonitoa ni macho ya mama. Yeye ndiye aliyelianzisha duka, alipokuja kutoka Kilimanjaro akiwa binti, na sifa yake mtaani ilikuwa rangi. Fundi akileta kipande cha kitambaa, mama anakitupia jicho mara moja, anavuta uzi unaofanana nacho, na haendi kwenye mwanga kuhakikisha. Kisha akaanza kuwapa mafundi uzi mweusi badala ya bluu iliyokolea. Akaanza kugonga bega kwenye milango. Tukasema ni uzee, tukamtania. Tulipompeleka hospitali tukaambiwa ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Daktari alisema anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe litaendelea kuziba. Dawa ya matone ingelichelewesha tu.

Kwenye ukuta wa hospitali hiyohiyo kulikuwa na tangazo la mbio za hisani za kilomita ishirini na moja, kuchangia upimaji wa macho kwa watu ambao bado hawajijui kama ni wagonjwa. Watu kama mama yangu alivyokuwa wakati sisi tunamtania. Nikajiandikisha kwa hasira, na nakiri kwamba hasira ndiyo iliyonipeleka viwanja vya Mnazi Mmoja asubuhi nyingi kabla mikokoteni haijajaa barabarani. Magoti yaliuma. Kucha ya dole gumba iligeuka nyeusi. Nikirudi, mama alikuwa ananisikiliza tangu nikiwa chini kwenye ngazi, na hukumu yake ilikuwa tayari mlangoni.

"Leo umetembea. Pumzi ya mtu aliyekimbia haiko hivyo."

Na kweli ningekuwa nimetembea.

Kadiri siku zilivyosogea, mama akawa na neno moja tu: siku hiyo atakuja anione. "Mbele bado naona," alisema. "Wewe pita mbele yangu tu." Angesindikizwa na Masi, bibi wa Kihindi wa ghorofa ya chini yetu, shoga yake wa miaka mingi, ambaye hugombana naye kila siku kuhusu chumvi. Nikamwambia mama kwamba wakimbiaji wote tutavaa fulana za rangi ya chungwa, sasa atanitambuaje?

"Kwa mkono wako wa kushoto," akajibu. "Tangu mdogo ukikimbia unautupa kama unafukuza kuku."

Jioni ya kuamkia mbio akaniuliza anisubiri wapi. Nilikuwa nahangaika na pini za kubandikia namba kifuani, na chakula kiko jikoni.

"Posta," nikamwambia.

Kwangu mimi na wa rika langu, ukisema Posta bila kuongeza kitu, ni Posta Mpya. Kwa mama na Masi Posta ni ile ya kando ya bahari, ile tunayoiita Posta ya Zamani. Wao waliizoea kabla haijawa ya zamani. Mama hakuniuliza ipi, kwa sababu kwake ilikuwa moja. Mimi sikumwambia ipi, kwa sababu ileile.

Siku ya mbio nilifika Posta Mpya nikiwa bado na nguvu. Nikapunguza mwendo, nikaanza kutazama nyuso za watu kando ya barabara. Nikasimama kabisa. Watu wakadhani nimeishiwa, wakanipigia makofi na kelele, "Twende dada, twende!" Nikawatazama wote, mama hayumo. Kilomita zilizobaki nilizikimbia nikiwa nimenuna, namlaumu yeye na Masi wake, nikijua kabisa wamekaa nyumbani wanagombania chai. Nilivuka mstari wa mwisho, nikavishwa medali, nikarudi nyumbani nikichechemea, na maneno yangu nimeyapanga.

Sikupata nafasi ya kuyasema. Mama alikuwa mezani, bado amevaa kitenge chake cha kutokea, uso unang'aa.

"Nimekuona, mwanangu! Umepita pale kando ya bahari, meli inapiga honi bandarini, nikakuita, ukageuka, ukanipungia. Na huo mkono wako!"

Nikafungua mdomo. Nyuma yake Masi akaweka kidole kwenye midomo. Hapo ndipo nilipoelewa. Kando ya bahari hatukupita sisi, walipita wale wa mbio fupi za siku hiyohiyo, nao wamevaa fulana za chungwa. Mwanamke mmoja nisiyemjua, mwenye mkono wa kushoto usiotulia, aliitwa na mama mzee asiyemjua, akampungia.

"Asante kwa kuja, mama," nikasema.

Baadaye Masi alinikuta kwenye ngazi. "Mimi niliona siye wewe," akaninong'oneza. "Lakini alikuwa anaruka kama mtoto. Ungeweza kumwambia?"

Nisingeweza. Simu ndiyo iliyomwambia. Jioni hiyo tumekaa, mama anamenya njegere, mtu wa kundi letu la mazoezi akatuma video, nami nikaifungua bila kufikiri. Kwa pembeni mama asingeiona picha, lakini sauti ilijaa chumba kizima. "Hapa tuko Posta Mpya, wanapita wale wa kilomita ishirini na moja! Yule dada mbona amesimama? Dada, usikate tamaa!"

Vidole vya mama vikasimama juu ya bakuli.

"Posta Mpya," akasema polepole. "Kumbe."

Akaendelea kumenya. Heri angenikaripia.

Najuta. Nimewahi kusema maneno mengi yasiyo na kazi maishani mwangu, na siku hiyo nikabania neno moja. Mpya. Ningelitamka huku nabandika pini, mama angeniona kwa macho yake mwenyewe yalipokuwa bado yanafaa kitu. Mwaka uliofuata nilikimbia tena, na safari hii Masi alimshika mkono mpaka Posta Mpya, mahali penyewe. Nilipofika nikasimama mbele yake. Akanipapasa uso, akasema, "Umelowa," akacheka, nami nikacheka. Lakini tundu lilikuwa limeshaziba.

Siku hizi anakaa nami dukani, ananipokelea nyuzi za kupanga, na kila kidonge cha uzi ananiuliza rangi yake. Juzi alikishika kimoja.

"Hiki?"

"Chungwa, mama."

Hakukiweka chini. Akakizungusha mkononi.

"Yule dada," akasema.

"Yupi?"

"Yule aliyenipungia. Yule wa mkono. Alimaliza?"

Nikamwambia, "Alimaliza, mama."

"Afadhali," akasema. "Alikuwa anakimbia vizuri."