Walivyoninyima Maji kwa Mapenzi

Wanaoniona leo huniambia nimenenepa, nami huwaambia waseme mashaallah kwanza. Nina sababu. Sanda yangu ilishakatwa, nikiusikia mkasi wake kwa masikio yangu haya.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini, zama za Sultani na Muingereza. Mimi na mume wangu Haji, fundi wa kushona kanzu, tulikaa mjini, chumba kimoja mtaa wa Malindi. Nilikuwa kijana, mwili wangu una nguvu na mdomo wangu hautulii. Mfereji wa mtaa ulikuwa karibu na mlango wetu. Nilijaza mtungi asubuhi, nikapika, nikafua, na wala sikuwahi kukaa nikayafikiria maji. Nani ayafikirie na hali yapo?

Nilipochukua mimba ya kwanza, mama yangu, Bi Mwanakhamis, aliniita nikazalie kwake Makunduchi, kama ilivyo desturi yetu. Nikaenda. Nilijifungua salama mtoto wa kike, tukamwita Zuwena, na nyumba ilijaa wanawake wakinisifu kana kwamba hakuna aliyewahi kuzaa kabla yangu. Nilifurahi, nisiseme uongo.

Mzazi kwetu, yaani mwanamke aliyetoka kujifungua, hapewi maji ya kunywa. Hufungwa mkaja tumboni, huogeshwa maji ya moto yaliyochemshwa na majani, hula uji wa pilipili manga, na kiu ikimzidi hupewa kikombe kidogo cha chai ya tangawizi. Wanasema tumbo lake ni jeraha bichi, maji hulivimbisha. Nililikubali hilo bila kinyongo. Mama alizaa hivyo, na bibi alizaa hivyo.

Mwaka huo mvua zilichelewa. Kijiji kilichota maji pangoni, na huko yalikuwa yamepungua sana, mtu anarudi na ndoo nusu yake tope. Sijui kama yaliyopikiwa uji wangu yalichemka vizuri. Asubuhi moja tumbo lilinisokota, nikatoka mbio uwani. Kabla sijaifunga kanga sawasawa nikatoka tena. Kufika alasiri kilichonitoka hakikuwa choo tena, yalikuwa maji, meupe kama yaliyooshewa mchele. Halafu nikaanza kutapika.

Mama akaisimamisha hata ile chai. Nilimwomba maji, akanikalia kitako karibu ya kitanda, akanishika mkono.

"Mwanangu, huoni kama maji ndiyo yanayokutoka? Nkikuongeza ntakuwa nnakuua mwenyewe."

Kwa akili yake alikuwa sawa. Mtungi ukivuja mtu huuziba, haujazi. Akanipa muhogo mkavu wa kuchoma ili tumbo lishike, nao ulinikaa mdomoni kama vumbi. Mate ya kuumezea sikuwa nayo.

Nataka mjue kiu ile ilivyokuwa, maana watu hudhani kiu ni ya kooni. Hiyo ni ya mtu mwenye afya yake. Yangu ilikuwa ya mwili wote. Ulimi uligandana na kaakaa, nikitaka kusema nauvuta kwanza. Misuli ya miguu ilijikunja ikawa migumu, wanawake wawili wakinikanda na mimi napiga kelele zisizotoka. Mkojo ulikatika kabisa. Nililia nikajipapasa mashavu, makavu. Macho yaliingia ndani hata jirani mmoja alipochungulia alirudi nyuma bila kunisalimia.

Na masikio, ajabu, yalikuwa mazima. Nilisikia mbuzi wa mama wakinyweshwa uwani, wanavyovuta maji kwa pupa. Nilimsikia kuku akidonoa kwenye kifuu chake. Maji waliyoniosha uso yalimwagwa kwenye shina la mpapai, nikausikia udongo ukiyanywa. Kila chenye uhai katika ua ule kilipewa sehemu yake isipokuwa mimi. Niliwaonea wivu mbuzi, na sioni haya kulisema.

Mara moja mama alikuja kunipangusa uso kwa upindo wa kanga alioutia maji. Ulipopita mdomoni niliukamata kwa meno nikaunyonya. Sijapata kuonja kitu kitamu vile, na kanga ile ilikuwa na jasho na moshi wa jikoni. Mama aliuvuta, nami nimeng'ang'ania. Akanibana taya kwa vidole mpaka nikaachia. Alikuwa analia. Machozi yake yalinidondokea shingoni, nikajaribu kuyafikia kwa ulimi, sikuweza.

Maziwa yakakauka. Zuwena alinyonya, akaachia, akalia kwa hasira. Mke wa kaka yangu, Mize, ambaye naye alikuwa ananyonyesha, akamchukua. Alipotoka naye mlangoni sikujisumbua hata kumtazama mwanangu. Nilikuwa nimeshakata tamaa, na mtu aliyekata tamaa hana mtoto wala mama. Nilitaka kunywa, na kama hakuna kunywa basi nife upesi. Waliponisomea Yasini nilishukuru kwamba mambo yanakaribia. Mafuta waliyonipaka kifuani sikuyahisi. Ndipo niliposikia kitambaa kinakatwa chumba cha pili, na mtu anauliza kimo changu.

Habari zilimfikia Haji mjini, akaja na gari la shamba. Mwanamume haingii chumba cha uzazi, lakini yeye aliingia. Alisimama akanitazama, nadhani kwanza hakunijua. Akasema ananipeleka hospitali.

Mama akamwambia, "Atakufia njiani, Haji. Mwache afie kwao."

"Kama ni kufa, afe kuna daktari," alisema, akaniinua na mkeka wangu.

Nililazwa baina ya magunia ya makaa na mizigo ya kuni, kichwa changu mapajani mwa mama. Katikati ya njia injini ilichemka. Dereva alishuka na debe, akaitilia rejeta maji, mengine yakamwagika barabarani. Nikamvuta Haji shati, nikalionyesha debe kwa kidole. Aliliangalia, akamwangalia mama. Mama akatikisa kichwa. Haji akageuza uso. Simlaumu. Fundi wa kanzu atajua nini mambo ya wazazi? Lakini gari nalo lilinyweshwa, na mimi naona.

Daktari aliyenipokea alikuwa mgeni, Kiswahili chake cha kuokoteza. Alinifinya ngozi ya tumbo akaiachia, ikabaki imesimama vile vile alivyoifinya. Akamuuliza mama amenipa maji kiasi gani tangu nianze kuharisha.

Mama alishangaa. "Maji? Mzazi, tena wa tumbo?"

Sijamsahau daktari yule. Hakufoka. Alisema taratibu, "Mama, huyu hana ugonjwa mkubwa kushinda kiu. Anakufa kwa kiu."

Mshipa wa mkono haukuonekana, wakanichana kifundo cha mguu, wakaingiza mpira uliotoka kwenye chupa ya maji iliyotundikwa juu. Maumivu sikuyasikia. Muuguzi akanitia maji mdomoni kwa kijiko, kidogo kidogo, na kila kijiko nikidhani ndiyo ndoto inakwisha. Chupa ikaisha wakatundika nyingine. Sikuamini kitu. Hata miguu ilipolegea sikuamini, nilidhani ndiyo roho inatoka. Asubuhi nilipojikojolea kitandani, muuguzi alicheka kwa furaha akaenda kumwita daktari, na mimi nikalia. Safari hii machozi yalitoka.

Daktari alipokuja mama alimsimamisha njiani. Nilidhani anataka kumshukuru.

"Daktari, na mtoto mdogo?" alimuuliza. "Mtoto wa kutambaa, akiharisha. Naye hupewa maji?"

"Mtoto ndiye hasa," alijibu. "Mtoto hukauka upesi zaidi."

Mama akasema ahsante. Akajifunika buibui vizuri, akakaa chini, mgongo ukutani, mpaka jua likazama.

Nyinyi hamjui kwa nini aliuliza, mimi nilijua. Kabla yangu na kaka Ame, mama alizaa watoto wawili, Mwaka na Pandu. Wote walikufa wadogo kwa tumbo la kuharisha, nami niliwajua kwa majina tu. Mama alikuwa akitusimulia jinsi alivyowauguza bila kulala. Pandu, alisema, alikuwa mkaidi, kila akiwekwa chini anatambaa kuufuata mtungi, hata ikabidi mtungi utolewe nje ya nyumba. Alikuwa akilisimulia hilo ili tujue alivyowalinda.

Nilitoka hospitali nikiwa mifupa mitupu, nikarudi Makunduchi kumchukua mwanangu. Mize alikuwa amemnenepesha. Zuwena sasa ni mtoto wake wa ziwa, ndugu wa wanawe, na namwombea Mize kila sala. Namshukuru Mungu, namshukuru Haji aliyevunja mlango wa desturi, namshukuru yule daktari. Lakini shukrani yangu haijawahi kukamilika, kwa sababu kupona kwangu ndiko kulikomvunja mama. Ningekufa, angenililia akajua alifanya yote ya mama mwema.

Alinichemshia maji ya kunywa mwenyewe, akayapoza, akaniletea kikombe baada ya kikombe, akisimama mpaka nimalize. Siku moja sikuweza kumtazama tena alivyo, nikamshika mkono. "Hukujua, mama," nikamwambia.

"Mimi skujua," alisema. "Wale wawili walijua. Walikuwa wakinambia."

Akachukua kikombe kitupu, akaenda kukijaza. Mpaka Mungu alipomchukua hatukulizungumza tena.

Basi sina nasaha nyingi. Chemsheni maji yenu, hasa mwaka wa ukame. Mzazi mpeni anywe, anayeharisha mpeni anywe, hata akitapika mpeni tena kijiko kwa kijiko. Na mgonjwa wenu akikuombeni maji, hata kama hajui kusema bado, mwaminini.