Joto la Baba Ivy

Mume wangu Mukhwana alikuwa akibeba magunia ya mahindi pale soko la Naitiri, na mwili wake aliupenda kuliko kanisa. Kisha ikaja saratani ya tezi dume. Daktari wa Kitale alimweleza mbele yangu, polepole: homoni za kiume ndizo zinazolisha uvimbe, kwa hivyo atadungwa sindano za kuzizima, la sivyo utaenea hadi mifupa ya kiuno. Misuli itapungua, mafuta yatajaa tumboni na kifuani, na joto litampanda ghafla. Akaitikia. Nikadhani amesikia.

Tumbo lilikuja kabla ya mavuno, na alikuwa anakula kidogo kuliko mimi. Kifua kikalegea, akaacha kuvua shati mbele ya watu. Vijana wa sokoni wakaanza kumwita mama mboga. Niliwaendea nikawatukana mpaka mwenye duka akafunga mlango wake.

Lakini joto ndilo lililotuharibia nyumba. Amekaa tu kivulini, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka. Shemeji yangu Wabwile akaja kutoka Myanga, akamtazama, akatangaza ati huyo ni marehemu baba yao anamwita. Mzee alikuwa ngariba, na kwetu Wabukusu ngariba hajichagui. Msimu wa tohara ukikaribia, mizimu humshika kwa joto na kutetemeka. Na Agosti ilikuwa karibu. Nikamuuliza Wabwile, ni mizimu gani hiyo inayonenepesha mtu? Akanijibu ati mwanamke haongei mambo ya kisu.

Mukhwana akamchinjia marehemu baba yake jogoo, akaacha sindano. Nilimsihi, nikalia, nikamleta mchungaji. Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa.

"Mama Ivy," akaniambia, "afadhali niitwe na baba yangu aliyekufa kuliko nigeuzwe mwanamke nikiwa hai."



Kisu chenyewe hakukishika. Wazee walimwambia ajifunze kwanza. Miezi ikapita, joto likaisha. Tumbo likashuka, mabega yakajaa. Siku hizi anainua gunia tena na wale vijana wanampisha njia. Wabwile anasema mzee ameridhika. Hata kanisani wananipongeza.

Mimi nikimwona akivua shati ninaogopa. Kinachomrudishia mabega ndicho kinacholisha ule uvimbe.

Juzi aliinama kufunga viatu, akashika kiuno, akakaa hivyo kwa muda. Akasema ni gunia tu. Kisha akasimama akacheka, akaniuliza kama sioni mume wangu amerudi.

Nikamwambia naona.