Dokta alinikataza kukimbia, na Bujumbura nzima ilikuwa inakimbia

Wakuu, habari za mihangaiko. Leo mnisikilize na mimi mpenda kulala mkekani. Ni kweli tupu. Shahidi wangu ni moyo wenyewe, ingawa ndio ulioleta kesi.

Miaka ya vita nilikuwa kijana wa mtaa wa Buyenzi, nashona viti vya magari kwenye gereji ya baba mdogo. Kazi ya kukaa. Nikitoka kazini, nakaa tena.

Nikaanza kuhema kwa kupanda ngazi za msikiti tu. Dokta akasikiliza kifua, akasema mlango mmoja wa moyo, valve, haufungi sawasawa.

Nilifurahi, wakuu. Nilijua nimepata ruhusa rasmi ya kulala.

"Apana," akasema. "Utafanya sport. Kila asubuhi utembee, pole-pole. Ukishindwa kuongea huku unatembea, umezidisha. Kifua kikibana, kichwa kikizunguka, simama. Vilima vya Kiriri usiguse. Na usikimbie."

"Hata risasi zikilia?"

Akatazama dirishani. "Hiyo shuleni hawakutufundisha."

Tuelewane kidogo: mjini kwetu enzi zile hakuna aliyeuliza kwa nini mtu anakimbia. Mmoja akikimbia, soko zima linakimbia, maswali baadaye. Nimeona matumbo makubwa kuliko langu yakiruka mitaro.

Basi nikawa natembea kila asubuhi hadi msikitini na kurudi, nasoma dua kwa sauti kupima pumzi. Majirani walidhani nimechanganyikiwa.

Siku moja milio ikaanza upande wa Kinama, karibu kuliko kawaida. Barabara nzima mbio, maandazi chini. Na mimi nikachomoka.

Sikufika mbali. Kifua kikabana kama mtu amekikalia. Nikashika ukuta, nikaelewa kuwa vifo ni viwili, na kimoja nakifuata mwenyewe kwa mbio.

Pumzi iliporudi, nikatembea. Pole-pole, dua mdomoni.

Mama Zaituni, muuza maandazi wetu, alikuwa anafunga mlango. Akachungulia.

"We Saidi! Unatembea kama bwana harusi. Unajua nini?"

"Sijui kitu, mama. Nafwata dokta tu."

"Wacha uongo! Mutu hajui kitu anakimbia."

Akageukia jirani wa ng'ambo, akapaza sauti: "Fungueni! Saidi anatembea!"

Milango ikafunguliwa. Kwa bahati tu, siku ile hakuna risasi iliyofika kwetu. Umaarufu wangu ukaanzia hapo. Kila asubuhi watu wanachungulia: nikipita, maduka yanafunguliwa. Wakasema nina shemeji jeshini. Wakuu, hata mke sikuwa naye.

Niliwaeleza habari za moyo mpaka nikachoka. Waliniona mjanja wa kuficha siri.

Halafu asubuhi moja mvua ilinyesha, mkeka ukaniita. Nikasema leo moyo upumzike.

Mlango ukagongwa karibu kung'oka. Mama Zaituni, godoro kichwani, mjukuu mgongoni. Nyuma yake nusu ya mtaa na mabunda.

"Umesikia nini, Saidi? Tukimbilie wapi?"

"Nimesikia usingizi, mama."

Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye msuli niliolalia. Akalitua godoro.

"Toka utembee! Watu hawajanunua hata mukate!"

Nikatoka na msuli, mvuani. Yeye nyuma yangu: "Soma dua, nisikie pumzi! Apana haraka, utatufia!"

Kumbe ya moyo alikuwa ameyasikia yote.

Tangu hapo sikukosa. Dokta aliponipima tena akashangaa: mlango ule ule mbovu, lakini ngazi napanda bila kuhema. Akauliza hiyo nidhamu nimeitoa wapi. Nikamwambia mtaa mzima unanitoa kitandani.

Somo langu: mwenye moyo mgonjwa asijifiche kwenye mkeka, wala asishindane na wakimbiaji. Muulize dokta wako kiasi chako, na kifua kikisema simama, simama, hata wakikucheka.

Wenye moyo kama wangu, tupieni hapa chini: ninyi nani anawatoa kitandani?

Wangu, Mama Zaituni, alishatangulia, Allah amrehemu, kwa uzee, si kwa risasi. Lakini mvua ikinyesha asubuhi, navaa viatu upesi kabla hajagonga.